Albert de Mun: Mbunge Aliyeuacha Ufalme kwa Ajili ya Utii

Tangu Mei 2025, Kardinali Robert Francis Prevost alipochaguliwa kuwa Khalifa wa Mtakatifu Petro na kutwaa jina la Leo XIV, waamini wengi wametamani kumfahamu yule Leo aliyemtangulia kwa jina, Papa Leo XIII, aliyeandika Waraka wa Rerum Novarum juu ya hali ya wafanyakazi mwaka 1891. Katika kumsoma Papa huyo tumekutana mara kwa mara na jina la mlei mmoja Mfaransa, askari wa farasi aliyegeuka kuwa mbunge. Jina lake ni Albert de Mun. Hakutangazwa mtakatifu, wala hatumwandiki hapa kana kwamba alistahili kutangazwa. Alikosea, na makosa yake tutayataja. Tunamwandika kwa sababu aliishi kwa miaka karibu arobaini na swali linalomkabili kila muumini anayeingia katika siasa: chama chake kinapokwenda huku na Kanisa linapomwelekeza kule, amfuate nani, na kwa gharama ipi?

Alizaliwa tarehe 28 Februari 1841 huko Lumigny, mashariki mwa Paris, katika ukoo wa kikabaila wa zamani sana. Mama yake alifariki dunia mtoto akiwa hajajua hata kumwita. Kwa upande mmoja wa ukoo alikuwa wa uzao wa Helvétius, mwanafalsafa wa karne ya 18 ambaye kitabu chake kilichomwa moto hadharani kwa kushtakiwa kwamba kinabomoa dini. Mwenyezi Mungu ana namna yake ya kuupinda mti ukiwa bado mche, na kutoka katika shina hilo alichipusha mmoja wa watetezi wakubwa wa Kanisa katika Bunge la Ufaransa. Kijana Albert alisoma chuo cha kijeshi cha Saint-Cyr, akawa afisa wa kikosi cha farasi, akatumikia Algeria kwa miaka kadhaa, na mwaka 1867 akamwoa Simone d'Andlau. Hadi hapo hakuwa na jambo la pekee. Alisali Misa, alipenda jeshi, na kama watu wa tabaka lake alimpenda mfalme ambaye hakuwa akitawala.

Hapo inafaa tueleze jambo moja ili msomaji asipotee njiani. Leo tunasikia maneno mrengo wa kulia na mrengo wa kushoto kila mahali, na mara nyingi yanatumika kama matusi. Asili yake ni Ufaransa, mwaka 1789, ambapo wajumbe waliomuunga mkono mfalme walikaa upande wa kuume wa mwenyekiti wa Baraza na waliotaka mapinduzi wakakaa upande wa kushoto. Katika ujana wa de Mun mgawanyiko huo ulikuwa umeota mizizi kwa miongo kadhaa. Kulia walikaa wafuasi wa ufalme, na pamoja nao Wakatoliki wengi. Kushoto walikaa wapenda Jamhuri, ambao wengi wao waliliona Kanisa kuwa adui. Mapadre na watawa waliokuwa wameuawa wakati wa Mapinduzi hawakuwa wamesahauliwa vijijini. Ndiyo maana kwa kijana kama Albert, Mungu na mfalme walikuwa imani moja, na kumwambia avitenganishe viwili hivyo kulikuwa sawa na kumwambia aigawe Kanuni ya Imani katikati.

Mwaka 1870 vita kati ya Ufaransa na Prussia viliivunja dunia hiyo. Jeshi lililozingirwa Metz lilisalimu amri mwezi Oktoba, na de Mun akapelekwa mateka Aachen, Ujerumani, pamoja na rafiki yake, afisa mwenzake René de La Tour du Pin. Utekaji wa maafisa siku zile haukuwa wa minyororo. Walikuwa na muda mwingi na kazi hawana. Padre Mjesuiti aliyewahudumia aliwapatia kitabu cha mbunge Mkatoliki Émile Keller, kilichoeleza mafundisho ya Papa Pio IX ya mwaka 1864 dhidi ya makosa ya nyakati zile. Marafiki wale wawili walikisoma kwa bidii na kujadiliana hadi usiku. Waliondoka Aachen wakiwa na hakika kwamba Ufaransa imeanguka kwa sababu imemwacha Mungu. Walichokuwa hawajakijua ni kwamba kuna watu nchini mwao ambao hao wakubwa wenyewe walikuwa wamewaacha.

Hilo walifundishwa kwa damu. Mnamo Machi 1871 wakazi wa Paris, wengi wao mafundi na vibarua, waliasi na kuunda utawala wao wenyewe ulioitwa Commune. Serikali ilituma jeshi, na de Mun alikuwa miongoni mwa maafisa wake. Juma la mwisho la Mei, mitaa ya Paris iligeuka machinjio. Waasi walimpiga risasi Askofu mkuu wa Paris, Georges Darboy, tarehe 24 Mei, na siku mbili baadaye wakaua mateka wengine, wakiwemo mapadre, katika kitongoji cha Belleville. Jeshi nalo liliua watu kwa maelfu, wengi bila hukumu. De Mun mwenyewe alisimulia baadaye jinsi alivyowaona askari wakimbeba mtu aliyejeruhiwa vibaya, akauliza ni nani, akajibiwa kuwa ni mwasi. Yule mtu aliyekuwa anakata roho aliinuka kidogo katika machela, akamnyoshea afisa kidole, na kumwambia kwamba waasi ni wao. Neno hilo lilimchoma. Hakulielewa vizuri, lakini alijua kwamba mtu hafi na uongo wa bure mdomoni.

Baada ya vita alipangiwa kazi katika ofisi za gavana wa kijeshi wa Paris, ndani ya jumba la Louvre. Mwishoni mwa mwaka huo wa 1871 alitembelewa na mtu asiye na cheo wala mavazi ya kifahari, Maurice Maignen, bruda wa shirika la Ndugu wa Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiendesha nyumba ya vijana wafanyakazi katika mtaa wa Montparnasse. Alikuja kuomba msaada. Dirishani yalionekana magofu ya jumba la kifalme la Tuileries, lililochomwa wakati wa uasi, likiwa limebaki kuta nyeusi. Maignen aliyaonyesha magofu hayo na kumuuliza afisa kijana anadhani ni nani aliyeyachoma. Kisha akajijibu mwenyewe, bila kumwonea haya, kwamba wenye hatia ya kweli si wale maskini waliobeba mienge; ni matajiri na wakubwa wanaoishi karibu na watu hao, wanaopishana nao njiani kila siku, na hawajawahi kuzijua nyoyo zao wala mahangaiko yao.

Tumesoma maisha ya watu wengi walioongoka kwa mahubiri ya maaskofu na kwa vitabu vya wanateolojia. Huyu aliguswa na bruda aliyekuja kuomba mchango. Tarehe 10 Desemba de Mun alikwenda Montparnasse akiwa amevaa sare yake ya kijeshi, akasimama mbele ya vijana wa viwandani, na kwa mara ya kwanza akahutubia watu wasio askari. Aligundua siku hiyo kwamba ana kipaji ambacho hakukitarajia: sauti yake ilishika watu. Kabla ya Noeli, yeye, La Tour du Pin, Maignen na wenzao wachache walikuwa wameanzisha Utume wa Vilabu vya Wafanyakazi Wakatoliki.

Msomaji wa kwetu asielewe vibaya neno vilabu. Havikuwa vya pombe. Ilikuwa njia ya kuwaepusha watu na vilabu vya namna hiyo. Palikuwa na chumba cha kusomea, michezo, kikanisa, akiba ya kusaidiana wakati wa ugonjwa, na mafundisho. Klabu ya kwanza ya Utume huo ilifunguliwa Aprili 1872 huko Belleville, kitongoji kilekile walikouawa mateka mwaka uliotangulia. Uchaguzi wa mahali hapo haukuwa wa bahati nasibu. Ndani ya miaka michache vilabu vilienea nchi nzima na kufikia mamia, navyo vilikuwa na wafanyakazi kwa makumi ya maelfu. Kapteni de Mun alizunguka mji hadi mji akihutubia, hadi wakubwa serikalini wakaanza kunung'unika kwamba si desturi ya afisa wa jeshi kuhubiri hadharani. Mwaka 1875 alijiuzulu jeshi.

Hata hivyo tuseme ukweli juu ya vilabu vile. Vilijengwa juu ya wazo kwamba tabaka la juu litaongoza na mfanyakazi ataongozwa, kama mtoto anavyoshikwa mkono na baba. Kamati za uongozi zilikuwa za mabwana wakubwa. Mfanyakazi alikaribishwa, akapendwa, akahudumiwa, lakini hakuachiwa usukani. Kwa sababu hiyo vilabu havikupata kuwa nyumba ya wafanyakazi wenyewe, na baada ya miaka kumi na mitano hivi nguvu yake ilianza kupungua. De Mun alichukua muda mrefu kulikubali jambo hilo. Sisi tunaoanzisha miradi parokiani kwa ajili ya maskini bila kuwauliza maskini tusimhukumu haraka.

Alipovua sare akaingia siasa. Mwaka 1876, akiwa na miaka 35, aligombea ubunge katika jimbo la Pontivy, Bretagne, nchi ya wakulima wacha Mungu. Askofu wa Vannes alimuunga mkono waziwazi, ingawa mmoja wa wapinzani wake alikuwa padre. De Mun alishinda, lakini Bunge lenye wapenda Jamhuri wengi likachunguza uchaguzi ule na kuubatilisha, kwa hoja kwamba makleri wameingilia kura. Uchaguzi ukarudiwa mwaka huohuo, akashinda tena. Mwaka 1877 alichaguliwa tena, ushindi huo nao ukabatilishwa, na safari hiyo katika marudio akashindwa. Alirudi bungeni mwaka 1881. Tukiyatazama mambo hayo kwa macho ya leo, baada ya Kanisa kutufundisha kwamba mapadre wasishike bendera za vyama, tunaona kwamba wapinzani wake hawakukosa hoja kabisa, hata kama nia yao ilikuwa nyingine. Mimbari iliyotumiwa kumpigia mgombea debe ilimletea mgombea huyohuyo madhara.

Bungeni alikuwa mtu wa kulia kuliko wa kulia wenzake. Mwaka 1878, katika hija ya Chartres, alitangaza kwamba yeye na wenziwe ni wapinzani wa Mapinduzi ya 1789 wasiokubali suluhu. Alipinga sheria za kuondoa dini mashuleni na hatua za kuyafukuza mashirika ya kitawa. Wapenda Jamhuri walimchukia, lakini alipoinuka kusema walinyamaza wamsikilize, kwa maana msemaji kama yeye hawakuwa naye hata upande wao.

Kisha likatokea jambo lililowachanganya wa kulia na wa kushoto pia. Mtu huyu wa mfalme, kabaila, adui wa Mapinduzi, alianza kusimama bungeni kuwatetea watu wa viwandani. Mwaka 1883, wakati wa mjadala wa sheria ya vyama vya wafanyakazi, alitaka viwepo vyama vinavyowaunganisha waajiri na waajiriwa. Mwaka uliofuata akaitaka Ufaransa ifanye juhudi ya mataifa kukubaliana sheria za kazi, ili kiwanda cha nchi moja kisishindane na cha nchi nyingine kwa kuwanyonya watoto. Aliwasilisha miswada juu ya ajali kazini, juu ya uzee na ugonjwa, juu ya kazi za wanawake na watoto. Alitaka mama aliyejifungua apumzishwe kazi kwa majuma kadhaa. Wakati huo waheshimiwa wengi wa pande zote waliamini kwamba serikali haina haki ya kuingia kati ya mwajiri na mtu aliyekubali mwenyewe kufanya kazi kwa saa kumi na tano. De Mun alijibu kwamba uhuru wa mtu mwenye njaa mbele ya mtu mwenye mkate si uhuru.

Walio kushoto walimshuku kwamba anatafuta kura. Walio kulia walimwita msoshalisti, na wengi wao walikuwa wenye viwanda au wenye hisa. Hata ndani ya Kanisa alipingwa: Askofu Freppel wa Angers, mbunge mwenzake wa mrengo uleule na mtu wa elimu kubwa, aliogopa kwamba serikali ikishaingia kiwandani kwa jina la huruma itaingia pia sakristia. Hofu hiyo haikuwa ya kipumbavu, ukizingatia serikali iliyokuwepo. Lakini mwaka 1891 Rerum Novarum ilipotoka, ilifundisha wazi kwamba dola ina wajibu wa kuwalinda wanyonge kazini, kwamba ujira lazima umtoshe mfanyakazi kuishi, na kwamba wafanyakazi wana haki ya kuungana. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria ya Novemba 2, 1892, iliyowakataza watoto chini ya miaka 13 kuajiriwa viwandani, isipokuwa wachache wenye cheti cha shule, ikaweka ukomo wa saa 11 kwa siku kwa wanawake, ikazuia kazi zao za usiku, na kuweka wakaguzi. Ile likizo ya mama aliyejifungua haikuingia katika sheria hiyo. Ilibidi kusubiri karne mpya.

Tumeruka tukio moja ambalo lazima tulirudie, maana ndilo lililomwandaa kwa jaribu kubwa zaidi. Mwaka 1885 de Mun alikuwa na miaka 44, jina lake linajulikana nchi nzima, na alipata wazo la kuunda chama cha Wakatoliki, kama kile cha Wakatoliki wa Ujerumani. Alikuwa ameshatangaza. Marafiki wa mfalme walikasirika kwa kuwa kingewagawa, na baadhi ya maaskofu waliingiwa na wasiwasi. Papa Leo XIII akamwomba aache, kwa sababu aliona chama hicho kingewagawa Wakatoliki na kulifungamanisha Kanisa na upande mmoja wa siasa. De Mun aliacha mara moja, bila kutoa maelezo ya kujitetea. Badala yake mwaka 1886 alianzisha Chama cha Vijana Wakatoliki wa Ufaransa, kilichosimama juu ya sala, masomo na utendaji. Chama hicho kiliishi kuliko vilabu, na vijana wetu wa VIWAWA wakikisoma watajiona ndani yake kwa sehemu kubwa.

Jaribu lenyewe lilianzia Afrika. Tarehe 12 Novemba 1890, mjini Algiers, Kardinali Charles Lavigerie aliwaalika mezani maafisa wa meli za kivita za Ufaransa. Huyo ndiye mwanzilishi wa Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadre Weupe, waliofika Bagamoyo mwaka 1878 na kuendelea hadi Tabora, Ziwa Tanganyika na Uganda. Majimbo yetu mengi ya magharibi na ya ziwa yanamwita baba. Siku hiyo Kardinali aliinua glasi mbele ya maafisa, ambao wengi walikuwa wafuasi wa ufalme, na kuwaambia kwamba taifa likishaonyesha utashi wake, na muundo wa serikali ukiwa haupingani na mambo yanayoweza kuziokoa nchi za Kikristo, wakati umefika wa kuukubali bila kusitasita. Kisha bendi ya wanafunzi wa Mapadre Weupe ikapiga wimbo wa Jamhuri. Ukimya ulitanda mezani. Watu walidhani mzee amepotea. Kumbe aliyesema nyuma yake alikuwa Papa.

Mwezi Februari 1892 Papa Leo XIII alisema mwenyewe, kwa waraka alioutoa kwa lugha ya Kifaransa. Aliwataka Wakatoliki wa Ufaransa waikubali Jamhuri kama serikali halali, wakipinga sheria mbaya kwa njia za haki, badala ya kupoteza nguvu wakingoja mfalme. Mafundisho hayo yalikuwa ya busara, na leo hakuna anayeyashangaa. Lakini jaribuni kusimama pale aliposimama de Mun. Ufalme haukuwa kwake sera ya chama. Ulikuwa kaburi la mababu, kiapo cha ujana, meza ya nyumbani, marafiki wa vita. Na Papa hakumwamuru afanye dhambi wala asifanye dhambi. Alimwomba aache jambo halali alilolipenda, kwa ajili ya faida ya Kanisa ambayo yeye mwenyewe hakuwa na hakika kama itapatikana. Wengi wa kundi lake walipata mlango wa kutokea: walisema Papa hana mamlaka katika siasa, kwa hiyo watamtii madhabahuni na kumsahau bungeni. Mlango huo ulikuwa wazi hata kwake.

Mnamo Mei 1892, mjini Grenoble, mbele ya vijana wa chama alichokianzisha, de Mun alitangaza hadharani kwamba anajiweka kwenye uwanja wa katiba iliyopo na kufuata maelekezo ya Baba Mtakatifu. Hakusema kwamba Jamhuri imekuwa nzuri, wala hakuutukana ufalme aliouacha. Alisema anatii. La Tour du Pin, aliyeshiriki naye kifungo cha Aachen na kila kitu kilichofuata, hakuweza kumfuata. Alibaki upande wa mfalme hadi mwisho. Nyumba zilizokuwa zikimkaribisha zilifunga milango. Na katika uchaguzi wa 1893 watu wa Pontivy walimnyima kura. Kwa wafuasi wa ufalme alikuwa msaliti, na kwa wapenda Jamhuri alikuwa bado kabaila aliyegeuza koti. Papa alimwandikia kumshukuru, lakini barua ya Papa haihesabiwi katika sanduku la kura.

Alirudi bungeni mapema mwaka 1894 kupitia jimbo jingine la Bretagne, Morlaix, na watu wa huko hawakumwacha tena.

Tuliahidi kutaja makosa. Mnamo 1888 na 1889, kabla ya waraka ule, alimuunga mkono Jenerali Boulanger, mwanajeshi mpenda sifa aliyedhaniwa kuwa ataiangusha Jamhuri na ambaye mwishowe alikimbilia Ubelgiji. Hilo lilikuwa kosa la siasa, na lilipita. La pili ni zito zaidi. Kapteni Alfred Dreyfus, afisa Myahudi, alihukumiwa mwaka 1894 kwa uhaini ambao hakuutenda. Ushahidi wa kughushi ulipoanza kufichuka, de Mun alisimama bungeni Desemba 1897 akidai serikali iilinde heshima ya jeshi, na alibaki upande huo pamoja na Wakatoliki wengi wa Ufaransa na magazeti yao, ambayo mengine yaliandika juu ya Wayahudi mambo ya aibu. Dreyfus alitangazwa hana hatia mwaka 1906. Mtu aliyesikia kilio cha mwasi anayekufa machelani hakukisikia kilio cha mfungwa asiye na kosa, kwa sababu wa pili alishtakiwa na jeshi, na jeshi lilikuwa jamaa yake. Hatuna neno la kulifunika jambo hilo. Kanisa la Ufaransa lililipia gharama yake, maana walioshinda katika kesi ile ndio waliokuja kufunga shule za watawa na, mwaka 1905, kupitisha sheria ya kutenganisha Kanisa na Dola.

Wakati huo yeye hakuweza tena kuhutubia. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa moyo ulimfanya madaktari wamkataze kusema hadharani. Sauti iliyokuwa imemfanya awe yeye ikanyamazishwa, katika miaka ileile Kanisa lilipoihitaji kuliko wakati wote. Akashika kalamu na kuandika makala magazetini, juma baada ya juma, juu ya uhuru wa Kanisa na juu ya wafanyakazi. Aliishi kuona mambo kadhaa aliyoyapigania yakiwa sheria: fidia ya ajali kazini mwaka 1898, mapumziko ya siku moja kwa juma mwaka 1906, pensheni za wafanyakazi na wakulima mwaka 1910. Sheria hizo zilipitishwa na mabunge ya wapinzani wake, na jina lake halimo ndani yake.

Vita vilipolipuka Agosti 1914 alikuwa na miaka 73. Jeshi lilikuwa na mapadre wachache mno kwa mamilioni ya askari waliokuwa wakipelekwa mpakani. De Mun alikwenda kwa serikali ya Jamhuri, ileile iliyowafukuza watawa, na kuomba mapadre wa kujitolea waruhusiwe kuandamana na majeshi. Alikubaliwa. Mapadre walijitokeza kwa wingi, wakiwemo watawa waliorudi kutoka uhamishoni, na mzee akawa anashughulikia majina yao na hati zao. Kila siku, au karibu kila siku, aliandika makala ya kuwatia watu moyo, na walioisoma walikuwa pia wale ambao karibu miaka arobaini iliyopita walifurahia kuvunjwa kwa uchaguzi wake.

Septemba, Wajerumani walipoikaribia Paris, serikali ilihamia Bordeaux naye akahamia huko na kalamu yake. Moyo wake ulisimama huko, tarehe 6 Oktoba 1914, akiwa bado mbunge wa Morlaix.